Kuendesha Gari la Wazi Wakati wa Kipupwe Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kila mwaka na wenye magari ya paa la kufunguka, na wale wanaofikiria kuyanunua, mara masika yanapokatika na kusi kushika pwani yetu. Majibu yametokana na misimu saba ya kipupwe ambayo nimeendesha gari la namna hiyo jijini, nikalilaza nje, nikalipeleka kwa mafundi na kulisafirisha hadi Nyanda za Juu Kusini. Nitaliita gari la wazi kwa ufupi, ingawa mitaani utasikia zaidi watu wakisema gari la kufunguka juu.

Kwa nini kipupwe, wakati gari la namna hii linaonekana kuwa la jua kali?

Dhana hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi waliuze gari lao kabla hawajaonja raha yake. Mimi mwenyewe nilinunua langu mwezi Desemba, nikalifungua paa wakati wa sikukuu, na kufikia Februari nilikuwa nimekwisha kulitangaza linauzwa. Januari joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32, usiku halishuki sana chini ya nyuzi 25, na unyevu wa hewa hulifanya shati ligande mgongoni hata gari likiwa katika mwendo. Ukifungua paa saa sita mchana katika hali hiyo unakaribisha jua la utosini, usukani usioshikika na kiti cha ngozi kinachounguza mapaja.

Kuanzia Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Mchana joto huwa karibu nyuzi 28 au 29, na alfajiri hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Mvua za masika zimekwisha, hewa imepungua unyevu, na jua limehamia kaskazini. Jambo hilo la mwisho watu hawalitilii maanani, nalo lina uzito wake kwa asiye na paa: mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, lakini mwishoni mwa Juni hubaki limeinama upande wa kaskazini. Anayekwenda Bagamoyo saa sita mchana humulikwa usoni, na anayerudi mjini huungua kisogo. Hata hivyo, lile jua la kupigilia utosini, linaloumiza kichwa mwezi Machi, halipo.

Hata huko kwenye baridi ya kweli wako madereva wengi wanaoshikilia kwamba gari la wazi ni la majira ya baridi. London mwezi Januari joto la mchana hucheza karibu na nyuzi 8, nao hufungua paa, huinua vioo vya milango, huwasha hita ipulize miguuni, na huvaa kofia ya sufu. Mercedes-Benz ilipotoa kizazi cha pili cha gari lake la wazi la SLK mwaka 2004 iliweka matundu ndani ya kiti, chini ya mto wa kichwa, yanayopuliza hewa ya moto shingoni mwa dereva. Hoja yao ni nyepesi na ni ya kweli hata kwetu: baridi unaweza kuivalia nguo, lakini joto huwezi kulivulia ngozi.

Ni saa zipi zinazofaa zaidi?

Alfajiri, bila kusita. Katika miezi hii jua huchomoza muda mfupi baada ya saa 12 na nusu asubuhi, kwa hiyo anayeondoka nyumbani saa 12 kamili hupata nusu saa ya mwanga mdogo, barabara tupu na upepo mwepesi unaotoka bara. Kuanzia saa nne asubuhi upepo huanza kugeuka, na alasiri huvuma kwa nguvu kutoka baharini. Jioni pia ni nzuri, ila jua huzama kabla ya saa 12 na nusu, wakati ambao nusu ya jiji iko barabarani ikirudi nyumbani. Mwenye kazi ya ofisini asijidanganye kwamba atafaidi gari lake jioni ya siku ya kazi. Atafaidi Jumamosi na Jumapili asubuhi, na hizo zinatosha.

Njia gani unazipendekeza?

Ninayoipenda kuliko zote huanzia Barack Obama Drive, ile ambayo wazee bado wanaiita Ocean Road. Unapita ukiwa na bahari mkono wa kulia, unapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, unashukia upande wa Coco Beach na kufuata Toure Drive hadi Masaki. Njia yote ni fupi, na ukienda taratibu haizidi nusu saa, lakini sijui mahali pengine jijini ambapo gari la wazi hujieleza vizuri namna hii. Kwenye daraja hewa hubadilika ghafla: ubaridi huongezeka, na harufu ya mwani hupanda kutoka chini maji yanapokuwa yamekupwa. Ukifika Coco Beach mapema huoni bado moshi wa mihogo. Unaona wafagiaji, wakimbiaji wa asubuhi, na ngalawa mbili tatu zinazorudi. Ukiwa ndani ya gari lililofungwa vioo unayaona hayo yote kama picha. Ukiwa wazi unasikia fagio likikwaruza mchanga.

Ya pili ni ya Kigamboni. Vuka kwa Daraja la Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2016, kisha elekea Mjimwema na kuendelea kusini kadiri lami inavyokuruhusu. Ukiishiwa na lami, geuza. Gari la wazi lililo chini na barabara ya vumbi havipatani. Kuvuka kwa kivuko cha Magogoni nako kunawezekana, ila panga kufanya hivyo mapema, kwa sababu kusubiri foleni ya kivuko juani ukiwa huna paa ni mateso.

Barabara ya Bagamoyo ni ya tatu, na ni ya Jumapili tu. Umbali wa kufika Bagamoyo ni kama kilomita 70 kutoka katikati ya jiji, na ukishapita Bunju msongamano hupungua na minazi huanza kuonekana. Barabara ya Mandela sikushauri hata kidogo, kwa sababu ya malori na moshi wake.

Upepo unanipiga kichwani mpaka siwezi kuzungumza na aliye kando yangu. Nifanye nini?

Swali hili ndilo lililo muhimu kuliko yote, kwa sababu wengi wanaosema gari la wazi lina baridi wanalalamikia upepo ambao hawaujui unakotoka. Wao hudhani unatoka mbele. Hewa ya mbele hupanda juu ya kioo na kupita juu ya vichwa. Ikifika nyuma ya viti hukuta uwazi wenye mkandamizo mdogo, ikashuka, ikajizungusha na kurudi mbele. Upepo huo wa kurudi ndio unaopiga kisogo, unaopenya kwenye kola na unaoleta nywele usoni.

Niliwahi kulithibitisha jambo hili kwa kipande cha utepe mwekundu. Nilikifunga kwenye mto wa kichwa wa kiti cha abiria, tukaondoka Mwenge kuelekea Tegeta asubuhi ya Jumapili vioo vyote vikiwa chini. Tulipofika mwendo wa kilomita 60 kwa saa utepe ule haukupepea kuelekea nyuma kama bendera ya mashua, bali ulinyooka kuelekea mbele, ukawa unamgusa mwenzangu sikioni. Tukasimama pembeni, tukapandisha vioo vya milango, tukasimamisha wavu wa kuzuia upepo nyuma ya viti, tukaondoka tena. Utepe ulining'inia, ukatikisika kidogo, ukatulia.

Basi tiba ni hiyo: vioo vya milango juu, vya nyuma navyo juu kama vipo, na wavu nyuma ya viti. Magari mengi yaliyotumika hufika nchini bila wavu huo kwa sababu mmiliki wa kwanza aliuweka stoo na kuusahau. Usikate tamaa. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu nyepesi ya kufuata umbo la nguzo za nyuma ya viti, nawe ukaifunika kwa wavu mgumu wa matundu madogo. Usiweke kioo cha dirisha cha kawaida, kwa maana kikivunjika kitawakata walio mbele yake. Pia shusha kiti chako kadiri unavyoweza bila kupoteza kuona barabara, kwa sababu kila sentimita unayoshuka inakuondoa kwenye mkondo wa hewa unaopita juu ya kioo.

Ukishafanya hayo, kwa mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa mtazungumza kwa sauti ya kawaida. Juu ya hapo kelele huongezeka haraka, na mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu huchosha masikio hata kama mwili hausikii baridi. Kwa safari ndefu ya barabara kuu mimi hufunga paa, na sioni kama ni kushindwa.

Nivae nini?

Jijini, sweta jepesi na skafu vinatosha kwa alfajiri ya Julai. Shingo na masikio ndiyo yanayotangulia kusikia baridi, kwa hiyo yafunike kwanza kabla hujafikiria koti. Kofia ya mviringo isiyo na ukingo mpana hukaa, kapelo huondoka. Kwa wanawake mtandio unaofungwa kwa kuzungushwa mara mbili shingoni na ncha kuchomekwa ndani ya nguo hukaa vizuri kuliko ule unaotupwa begani. Kanga, kwa uzoefu wangu, inashinda skafu nyingi za dukani, kwa sababu pamba yake haitelezi juu ya nywele.

Miwani ni lazima, ya jua mchana na yenye vioo vyeupe alfajiri. Kuna vumbi, kuna wadudu, na kuna mchanga unaopeperushwa kutoka malori yasiyofunikwa turubai. Mafuta ya kujikinga na jua nayo ni ya lazima, hata kwa mwenye ngozi nyeusi tii, kwani hewa ya ubaridi humdanganya mtu asihisi kwamba jua linafanya kazi yake.

Je, sitapata mafua au nimonia?

Mafua huletwa na virusi vinavyotoka kwa mtu mwingine, na nimonia huletwa na vijidudu. Upepo peke yake hauvizai. Nasema hivi kwa heshima, kwa kuwa mama zetu wametulea wakituambia tufunge vifua, nao walitutakia mema. Wapo hata hivyo watu wanaopaswa kuwa waangalifu. Mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa ya baridi, vumbi au moshi, naye aanze kwa safari fupi akiwa na dawa yake karibu. Mwenye macho makavu au anayevaa lenzi ataumia mapema kuliko wengine. Mtoto mchanga asipandishwe kwenye gari lililo wazi. Ngozi yake haina kinga ya jua, wala hawezi kusema kwamba anasikia baridi.

Mvua ikinikuta njiani?

Kipupwe ni kikavu, lakini hakikosi mvua. Kusi huleta manyunyu ya ghafla kutoka baharini, na zipo zile mvua chache za mchoo ambazo watu wa pwani wanazijua tangu enzi. Nyingi hudumu dakika kumi na kuondoka. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, manyunyu madogo hupita juu ya vichwa pamoja na hewa, nanyi mtashangaa kukuta viti ni vikavu. Shida ni taa nyekundu. Mara tu unaposimama, maji yote yaliyokuwa yakikupita yanakuja kwako.

Kwa hiyo jifunze kufunga paa lako haraka kabla hujahitaji kufanya hivyo. Fanya mazoezi uani ukiwa umefumba macho kama ikibidi. Mapaa mengi ya umeme hayakubali kufanya kazi gari likiwa kwenye mwendo, au hukubali katika mwendo mdogo tu, basi soma kitabu cha gari lako ujue lako ni lipi. Mapaa ya mkono, kama lile la Mazda Roadster, yana faida yake hapa, kwani mtu mwenye mazoea hulivuta kutoka kitini na kulifunga kabla taa haijawa kijani.

Paa la kitambaa na paa la bati, lipi linafaa zaidi kwa pwani?

Paa la bati linalojikunja ni wazo la zamani kuliko watu wanavyodhani: Mfaransa Georges Paulin, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno, alibuni paa la namna hiyo, na Peugeot wakaliweka katika magari yao ya Eclipse kuanzia mwaka 1934. Faida zake ni utulivu wa ndani na ugumu wake kwa mwizi mwenye kisu. Hasara zake ni mota, pampu, mabomba ya mafuta na vihisio vingi, ambavyo vyote vikizeeka kwenye hewa ya chumvi huhitaji fundi anayejua, na mafundi hao si wengi. Paa la kitambaa lina vitu vichache vya kuharibika, nalo linaweza kushonwa upya. Kwa gari litakalolala nje Dar es Salaam mimi huchagua kitambaa.

Ila kitambaa kinadai nidhamu. Asubuhi za Julai gari lililolala nje huamka na umande; usilikunje paa likiwa limelowa, kwa kuwa maji yaliyofungiwa kwenye mikunjo huzaa ukungu na harufu isiyotoka. Mimi hutembea na kipande cha kanga kuukuu kwenye mfuko wa mlango. Hufuta kuanzia katikati kwenda pembeni, huacha paa lipumue kwa muda ninaochukua kunywa chai, ndipo hulishusha. Kwenye Roadster za kizazi cha kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1989, dirisha la nyuma ni la plastiki na lina zipu. Lifungue zipu na ulilaze kwanza, la sivyo litajikunja na kubaki na mstari mweupe ambao hautaondoka.

Kisha kuna mifereji. Katika magari mengi ya wazi maji ya paa huteremka kupitia vitundu vidogo vilivyofichika nyuma ya viti au pembeni mwa buti, navyo huziba kwa majani. Mwaka wa tatu nilianza kusikia harufu ya udongo ndani ya gari. Nililipeleka gereji, nikaambiwa tatizo ni zulia kuukuu, nikauziwa zulia jipya. Wiki mbili baadaye zulia jipya nalo lilikuwa limelowa. Nilipoamua kutafuta mwenyewe, nilitoa kwenye kitundu cha kushoto donge la majani ya mwarobaini lenye ukubwa wa ndimu, jeusi, lililoshikana kama ugoro. Nyuma yake maji yakatoka kwa kishindo na kumwagika chini ya gari. Tangu siku hiyo kila masika yakiisha hupitisha waya laini wa plastiki kwenye vitundu vyote viwili, kisha humwaga maji ya chupa moja kila upande na kutazama kama yanafika ardhini. Usitumie waya wa chuma, kwani hutoboa mpira wa ndani.

Chumvi ya bahari je?

Siku za bamvua mawimbi hupiga ukingo wa Barack Obama Drive na rasharasha hufika barabarani. Huwezi kukwepa chumvi katika jiji hili, lakini unaweza kuiondoa: osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na usisahau bawaba za paa na sehemu za chini. Angalizo kwa wanaoosha kwa maji ya kisima: maeneo mengi ya karibu na pwani yana visima vya maji ya chumvi, na ukiyatumia hayo utakuwa umeongeza ulichotaka kukiondoa. Yaonje kwanza.

Naweza kuliacha gari likiwa wazi nikiingia dukani?

Usiliache, hata kwa dakika tano. Mwizi ni mmoja wa sababu, na kunguru ni nyingine. Kunguru wa Dar es Salaam watakuachia kinyesi kwenye kiti, watabeba kifuniko cha chupa, na wakikuta mfuko wa maandazi watauchana. Chini ya mwembe au mwarobaini hali ni mbaya zaidi.

Na usalama wangu nikiwa kwenye foleni?

Weka simu, pochi na mkoba mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu aliyepanda pikipiki. Droo ya dashibodi inafaa, na buti inafaa zaidi. Usiweke kitu mapajani. Panapokuwa na foleni ndefu mimi hufunga paa, na kwa sababu mbili nyingine pia: ukiwa umesimama nyuma ya lori huvuti hewa bali moshi wa dizeli, na panapojengwa barabara za mwendokasi vumbi hujaa ndani ya gari mpaka kwenye swichi. Gari la wazi ni la barabara inayotembea.

Kuhusu bima, chukua bima kubwa. Uliza pia, kabla hujalipa, kama paa lenyewe limo ndani ya kinga endapo mtu atalichana, na upewe jibu kwa maandishi.

Askari wa usalama barabarani anaweza kunikamata kwa kufungua paa?

Kufungua paa peke yake si kosa. Kutofunga mkanda ni kosa, na kupita mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ni kosa. Ukisimamishwa utaonekana vizuri kuliko wengine, basi salimia na utoe leseni.

Vipi kuhusu maharusi wanaokaa juu, nyuma ya viti?

Nimeombwa gari langu kwa harusi mara nyingi, nami hulitoa kwa furaha. Msafara wenye matarumbeta mbele na gari la wazi nyuma yake ni jambo zuri kulitazama. Lakini bibi harusi na bwana harusi watakaa kwenye viti na watafunga mikanda, na hilo huwaambia kamati ya harusi mapema kabla hawajapamba. Anayekaa juu ya ukingo wa nyuma hana cha kumshika breki ikikanyagwa, hata kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kama wanataka picha wakiwa wamekaa juu, zipigwe gari likiwa limesimama, injini imezimwa. Shela nayo ishikwe ndani. Ikipepea nyuma inaweza kunasa kwenye gurudumu la pikipiki inayopita.

Nikimpakia mzazi au mtu mzima?

Muulize kabla ya kufungua, kwa kuwa wengi watavumilia kwa ajili ya kukufurahisha. Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga nilimfuata stendi alfajiri ya Agosti, nikamwamkia, nikamwekea shuka magotini na kupandisha vioo. Tulipofika Ubungo nikamwuliza, "Shangazi, nikufunikie?" Akanijibu, "Acha, mwanangu. Nimekaa kwenye basi saa sita na dirisha halifunguki." Alivuta ncha ya mtandio chini ya kidevu na kuishika hivyo kwa mkono mmoja mpaka Kinondoni, akisoma kwa sauti kila kibao cha duka tulichokipita.

Nataka kwenda nalo mikoani penye baridi. Inawezekana?

Inawezekana, na huko ndiko utakakojua baridi ni nini. Iringa ni safari ya takriban kilomita 500, na Njombe iko mbali zaidi na juu zaidi. Alfajiri za Juni na Julai Njombe joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Kitulo hupata sakitu inayofunika majani kwa weupe.

Kabla ya kuondoka, kagua hita. Magari yetu ya pwani huishi miaka mingi bila mtu kuigusa, na ikianza kuvuja si ajabu fundi kuziba mipira yake ili maji ya rejeta yasipotee, kisha asimwambie mwenye gari. Yangu niliikuta imezibwa hivyo nikiwa tayari Mafinga, saa moja usiku. Ijaribu ukiwa Dar: washa injini hadi ipate moto, weka joto la juu kabisa, pulizia miguuni, na usubiri dakika tano. Hewa ikitoka vuguvugu tu, mwone fundi.

Njiani, funga paa unapokatiza Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, nyani hukaa pembeni wakisubiri chakula, na tembo huvuka watakapo. Lifunge pia kwenye mlima wa Kitonga, ambako utapanda taratibu nyuma ya malori. Lifungue ukishafika juu, kwenye tambarare ya kuelekea Iringa, hita ikiwa miguuni, koti limefungwa hadi juu na glavu mikononi. Vidole vya dereva hupoteza wepesi mapema kuliko anavyotambua, na dereva asiyehisi usukani hapaswi kuendelea. Kama dirisha lako la nyuma ni la plastiki, usilikunje kwenye baridi ya alfajiri ya huko. Plastiki hukakamaa na kupasuka. Subiri jua liipashe.

Nikitaka kununua, nianze na gari gani?

Mazda Roadster, inayoitwa MX-5 nje ya Japani, ndiyo ninayowashauri wengi. Ilifikisha gari la milioni moja kutengenezwa mwaka 2016, na wingi huo ndio unaofanya spea zake zipatikane. Daihatsu Copen, iliyoanza mwaka 2002 ikiwa na injini ya cc 660 na paa la bati, ni ndogo, hainywi mafuta na hupenya popote, lakini mtu mrefu aikalie kwanza kabla ya kuipenda. Gari lenye umri mkubwa hutozwa kodi zaidi bandarini, basi pitia kikokotoo cha kodi cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni kabla ya kumtumia muuzaji hata senti. Muuzaji na akutumie video ya paa likifunguka na kufunga mfululizo, mara mbili, bila kukatwa.

Kipupwe kikiisha nifanyeje?

Mwishoni mwa Septemba joto hupanda, Oktoba jua hurudi utosini, kisha vuli huingia. Hapo mimi hupaka mipira ya paa mafuta ya silikoni ili isikauke, hupiga kitambaa dawa ya kuzuia maji, na hupitisha tena waya wa plastiki kwenye mifereji. Paa nalifunga mchana wote, ila silifungi moja kwa moja. Mara moja kwa wiki huamka saa kumi na moja alfajiri, wakati adhana ya msikiti wa jirani inapoanza, nalifungua uani kwa dakika chache. Joto likiwa chini ya nyuzi 25 nazunguka nalo hadi darajani na kurudi kabla jua halijawa kali.